Hii ya Bima au Unalipa Mwenyewe?

Ingia gereji yoyote ya Dar es Salaam na gari lililobonyea, iwe Gerezani, Keko au chini ya mwembe kule Sinza. Kabla fundi hajainama kutazama palipoumia, atakuuliza: "Hii ya bima au unalipa mwenyewe?" Anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mama ntilie anavyouliza wali au ugali. Ukishajibu, bei imeshapangwa.

Kwa miaka yote niliyomiliki gari, jibu langu lilikuwa "mwenyewe", tena kwa unyonge. Safari hii nikajibu "bima". Nakiri nilijibu kwa kujidai kidogo, kama mtu aliyeingia dukani na kadi ya benki mahali ambapo wenzake wanahesabu sarafu.

Ilikuwa jioni ya mvua za masika, Barabara ya Sam Nujoma, natoka Mwenge nakwenda Ubungo. Mbele yangu Canter imebeba magodoro, kulia kwetu daladala inakimbilia foleni isiyokimbilika. Pale Survey dereva wa daladala akaona abiria wawili wamejikinga mvua kwa mfuko wa plastiki. Akakata kushoto mbele ya Canter, bila taa wala aibu. Canter ikafunga breki. Mimi nikafunga yangu, nikiwa nimechelewa.

Canter haikupata hata mkwaruzo. Lile bomba la chuma lililochomelewa nyuma yake liliingia usoni kwa IST yangu kama kisigino kwenye embe bovu. Bampa likakatika katikati, taa ya kulia ikabaki inaning'inia kwa nyaya, boneti likajikunja kama bati la kibanda, rejeta na kondensa ya AC vikasukumwa nyuma hadi kugusa pangaboi. Maji ya kijani ya rejeta yakawa yanachuruzika kwenye lami. Daladala ikapakia abiria wake wawili ikaondoka zake.

Trafiki alifika baada ya saa moja na nusu. Akachora mchoro wake chini ya mwavuli wangu, akaingiza namba ya gari kwenye simu kuangalia kama nina bima (ile stika ya karatasi ya kioo cha mbele siku hizi haina kazi), akatamka kwamba aliyegonga kwa nyuma ndiye mwenye kosa. Sikubishana. Nikaandikiwa faini ya 30,000, kesho yake nikaenda kituoni kufuatilia ripoti zinazohitajika bima, na huku moyoni nilikuwa mtulivu kabisa. Nina bima kubwa bwana, ile inayolipia hata gari la mwenye kosa. Hii si shida yangu tena, ni shida ya kampuni.

Kampuni yenyewe sitaitaja. Kwa mazungumzo niliyofanya na wenzangu ofisini, ningeweza kuwa naandika kuhusu nyingine yoyote.

Bima hiyo niliikata kwa WhatsApp. Nilimtumia wakala picha ya kadi ya gari na picha nne za gari lenyewe. Tukakubaliana thamani yake ni milioni 14. Kwa asilimia 3.5 ikawa 490,000, ukiongeza VAT ya asilimia 18 jumla 578,200. Nikalipa kwa simu, wakala akanitumia faili yenye kurasa 24, yote kwa Kiingereza cha mahakamani. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaona jina langu limeandikwa vizuri, nikafunga. Mimi ni mhasibu, kazi yangu ni kusoma karatasi za watu wengine, lakini za kwangu mwenyewe huwa nazisoma hivyo.

Nilipopiga simu kitengo cha madai, akapokea dada mwenye sauti ya upole.

"Pole sana mama. Umeumia?"

"Hapana mdogo wangu, namshukuru Mungu."

"Basi gari lipeleke gereji yetu ya Chang'ombe, nitakutumia lokesheni sasa hivi."

"Asante, lakini mimi nina fundi wangu."

Akanyamaza kidogo. Nikasikia kibodi inapigwa.

"Unaweza mama, haina shida. Ila eksesi inabadilika."

Kwa asiyejua, eksesi ni ile sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe kabla kampuni haijatia mkono mfukoni. Ya kwangu ilikuwa asilimia 10 ya gharama za matengenezo, isipungue 200,000. Hiyo niliijua, wakala aliitaja. Ambacho hakukitaja, na kilikuwa kimekaa kimya ukurasa wa 11, ni kwamba nikichagua gereji iliyo nje ya orodha yao, asilimia 10 inageuka 20.

Sasa, kwa nini ning'ang'anie fundi wangu? Miezi miwili kabla ya ajali nilikuwa nimekwenda kwake kubadilisha bushi. Nikakuta RAV4 nyeupe iliyotoka kutengenezwa kwa bima, gereji kubwa tu ya mjini, rangi inang'aa kama sahani ya harusi. Mwenyewe ameileta kwa sababu mlango wa nyuma umeanza kutoa ufa mwembamba kama unywele. Fundi akaingiza mkono mfukoni, akatoa sumaku ya duara aliyoing'oa kwenye spika ya zamani ya redio. Akaibandika kwenye mlango wa mbele, ikashika, tak. Akaisogeza mlango wa nyuma. Ikateleza, ikaanguka mchangani.

"Puti," akasema. "Hapa hakuna bati dada, kuna chapati."

Sumaku haishiki puti. Bati likinyooshwa vizuri linahitaji puti nyembamba tu ya kusawazisha kabla ya rangi, na sumaku bado inalisikia bati chini yake. Ukiona imekataa kabisa, ujue mtu alichoka kugonga nyundo akaamua kujaza shimo. Joto la Dar na mashimo ya barabara zetu vikishafanya kazi yao, ile chapati inapasuka.

Tangu siku ile nilikuwa nimeapa kwamba gari langu halitaguswa na gereji ya bima. Hata hivyo nilikwenda Chang'ombe kutazama, maana asilimia 10 ya ziada si hela ya kutupa kwa sababu ya kiapo. Na niseme ukweli: ilikuwa gereji nzuri kuliko nilivyotaka iwe. Sakafu ya zege iliyofagiliwa, tanuri la rangi, mashine ya kunyooshea chesisi, vijana wamevaa ovaroli zenye majina. Magari kumi na manne yalikuwa yamepangwa uani, mengine yamefunikwa vumbi, yanasubiri spea au yanasubiri LPO, ile hati ya kampuni ya kuagiza kazi. Nikamwamkia mzee anayesimamia mafundi, shikamoo, marahaba, nikamuuliza kama naweza kuja kuangalia kazi ikiwa inaendelea, na kama naweza kuchagua taa iwe used ya Japani badala ya mpya za bei rahisi zinazoingia ukungu mvua ya kwanza.

Akanitazama kwa huruma, si kwa dharau.

"Mama, nikwambie kitu. Mteja wangu mimi ni kampuni. Wewe ni mwenye gari."

Nimefanya kazi maofisini miaka kumi na saba na sijasikia mkataba wa pande tatu ukielezwa vizuri kuliko hivyo. Anayemlipa ndiye anayempangia bei ya ufundi kwa mwaka mzima, ndiye anayemletea magari thelathini bila matangazo, na ndiye anayeweza kumfuta kwenye orodha. Mimi nitamletea gari moja, mara moja, nikiwa nimekunja uso.

Nikarudi kwa fundi wangu, na hapo ndipo hadithi ilipoacha kunipendelea.

Fundi wangu nimemjua miaka minane. Kwangu ni mtu wa kuaminika, kiasi kwamba funguo ya gari huwa namwachia na kwenda zangu Posta. Akalizunguka gari, akauliza swali lile, nikajibu kwa lile jivuno langu: "Bima." Akachukua karatasi ya daftari, akaandika kitu kimoja kimoja huku akilamba kidole. Jumla: 2,850,000.

"Na ningekuwa nalipa mwenyewe?"

Hakuona haya hata kidogo. "Mbili na laki moja."

"Fundi!"

"Dada, sikiliza. Bima wanakata. Ukiwaandikia kumi wanakupa saba. Nikiwaandikia ile bei yangu ya kweli watakata humo humo, nitafanya kazi ya hasara. Halafu hela yenyewe inakuja lini? Wewe unanipa asubuhi nanunua rejeta mchana."

Siku mbili baadaye akaja mkadiriaji wa kampuni, kijana mwenye kamera na tochi. Alikaa dakika ishirini. Akafuta shokapu ("hii ilikuwa imekufa kabla ya ajali", na kweli ilikuwa imekufa), akapunguza ufundi, akakataa taa mbili akakubali moja, kwa kuwa ya kushoto ilikuwa na njano yake ya uzee tu. Akafika 2,400,000. Yaani fundi alipandisha kwa sababu kampuni itakata, na kampuni ikakata kwa sababu fundi amepandisha. Kila mmoja alimsoma mwenzake vizuri kabisa, na bei ya kweli ikabaki kwenye daftari la fundi, haikumhusu mtu.

Hapa nilianza kuielewa ile asilimia ya ziada, na sikufurahi kuielewa. Kampuni ikiwa na gereji yake ya orodha, mchezo huu inaucheza mara moja tu, siku ya kukubaliana bei za mwaka. Ikinifuata mimi kwa fundi wangu Keko, itabidi imtume kijana na tochi kwa kila bampa. Gereji ya orodha ina mashine ya EFD ya kutolea risiti za kodi na hesabu zinazoeleweka. Kwa fundi wangu, mafundi saba wanatumia leseni na mashine moja ya mzee mwenye eneo. Gereji ya orodha ikiharibu, kampuni inairudishia gari lirekebishwe bure. Wangu akiharibu, ni mimi na yeye na miaka yetu minane. Kuna gharama ya kweli hapo, na mtu akiniambia niichangie, siwezi kusema ananionea.

Lakini tazama hesabu inavyokwenda. Chang'ombe ningelipa asilimia 10 ya 2,400,000, yaani 240,000. Kwa fundi wangu, risiti ikiandikwa bei yake ya kweli ya 2,100,000, kampuni inatoa asilimia 80, yaani 1,680,000, na mimi naongeza 420,000. Sasa risiti hiyo hiyo ikiandikwa 2,400,000, ile mkadiriaji aliyoikubali? Kampuni inatoa 1,920,000. Fundi anataka 2,100,000 tu. Mimi naongeza 180,000. Ninapata fundi ninayemtaka, kwa bei ndogo kuliko gereji yao.

Sikuigundua peke yangu. Fundi alinifanyia hesabu hiyo kwa kidole kwenye vumbi la boneti, bila kikokotoo, na akaitazama kazi yake kama mwalimu wa hisabati. "Kila mtu anafanya hivi dada. Wamekutoza kwa kunichagua mimi, basi na wewe warudishie."

Hicho ndicho kinachonikera kuhusu tozo hii, kuliko kiasi chenyewe. Imewekwa kuzuia risiti zilizonenepeshwa, na papo hapo inampa mteja mwaminifu sababu ya kuinenepesha ya kwake. Kabla ya kuambiwa asilimia 20 sikuwa na wazo lolote la kudanganya. Baada ya kuambiwa nililala nalo siku tatu. Na anayedanganya hatozwi chochote, kwa sababu tozo inalipwa na risiti yenyewe. Anayebaki kukamatwa ni yule aliyeandika ukweli.

Binamu yangu yuko Leicester, Uingereza, anaendesha magari ya mizigo. Nilimlalamikia nikitegemea pole, akacheka. Kwao hilo ni jambo la kawaida: bima yake ina pauni 200 za ziada juu ya eksesi akienda gereji isiyo ya kampuni. "Lakini wewe ulijuaje?" nikamuuliza. Akasema lilikuwa kwenye muhtasari, ukurasa wa kwanza, karibu na bei. Alilinganisha kampuni tatu kwa kigezo hicho kabla ya kulipa. Ufaransa wana sheria ya 2014 inayotaka kila mkataba wa bima ya gari umtajie mteja kwamba anayo haki ya kuchagua gereji. Kule California, Marekani, sheria inaikataza kampuni ya bima kukulazimisha gereji fulani. Sisemi wenzetu hawanung'uniki, binamu yangu ananung'unika kila wiki. Nasema wananung'unika kuhusu kitu walichokiona kabla ya kulipa.

Mimi niliona ukurasa wa 11 nikiwa na gari lisilo na uso. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaufungua huo mkataba, nikausoma wote, usiku mmoja, na chai ya tangawizi. Nikakuta kifungu ambacho kipo kwenye mikataba mingi ya aina hii: kampuni, kwa hiari yake, inaweza kulitengeneza gari, kukupa jingine la namna hiyo, au kukulipa fedha taslimu. Kwa hiari yake, si kwa hiari yangu. Kumbe ule "uchaguzi wa gereji" niliokuwa naupigania haukuwahi kuwa wangu tangu mwanzo. Nilikuwa naununua kutoka kwao kwa asilimia 10. Nikakuta pia kwamba nikikata bima ya gari kwa thamani ndogo kuliko ya kweli ili nilipe kidogo, na fidia nayo inapunguzwa kwa uwiano huo huo. Hilo halikunihusu, ila nina shemeji ambaye linamhusu sana na nimeshampigia.

Kwa sheria ya bima ya 2009 tunayo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, mbali na TIRA yenyewe, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, na mtu mmoja ofisini akanishauri nipeleke malalamiko. Niliandika barua, nikaisoma mara mbili, nikaiacha. Ningelalamika nini? Kwamba nilitumiwa mkataba nikausoma jina langu tu? Wakala angetakiwa kusema, naamini hivyo kabisa, sentensi moja tu ya WhatsApp ingetosha: "Dada, ukienda kwa fundi wako eksesi ni mara mbili." Alikuwa na nafasi ya kunitumia emoji nne za pongezi. Lakini saini ni yangu.

Mwishowe nikalipa 420,000, risiti ikaandikwa bei ya kweli. Msinisifu. Mhasibu anayegushi risiti ya gereji ni kama mpishi anayejilisha sumu, niliogopa tu. Fundi alinisikitikia waziwazi. Spea tulinunua Ilala na Gerezani kwa siku moja, taa used ya Japani tukaijaribu kwa betri ya duka kabla ya kulipa, kondensa ikatusumbua hadi jioni. Dada wa madai, nikimtendea haki, alinisukumia malipo vizuri na alinipigia mwenyewe yalipotoka.

Siku kumi na mbili baada ya kazi kuanza nikaenda kuchukua gari. Uso umerudi. Boneti limekaa sawa, mwanya kati yake na fenda unalingana huku na huku. Nikamwomba fundi sumaku yake. Akatabasamu, akanipa. Nikaibandika kwenye boneti, tak. Fenda ya kulia, tak. Fenda ya kushoto, tak. Raha ya 420,000 nikaisikia kidoleni. Kwa kuwa nilikuwa na furaha nikaendelea kulizunguka gari, mlango, mlango, hadi ubavu wa nyuma kushoto, juu ya tairi.

Sumaku ikaanguka.

Nikaiokota, nikaifuta mchanga, nikajaribu tena. Ikaanguka tena.

"Fundi, hapa pamefanywaje? Ilikuja hivi kutoka Japani?"

Akaja, akainama, akapapasa kwa kiganja kama anayemtambua mtu wa zamani.

"Hapana. Hapa ni mimi," akasema. "Hukumbuki? 2019, ulipogonga geti la nyumbani. Uliniambia una laki na nusu tu, unalipa mwenyewe."